Kilomita 430 ya Dempster: matairi mawili, upande mmoja, na barabara iliyosingiziwa

Mapema mwezi wa Julai, gari-nyumba la familia moja ya Kitanzania inayoishi Edmonton lilipasuka tairi la nyuma upande wa kulia kwenye barabara ya Dempster, kaskazini kabisa mwa Kanada, muda mfupi baada ya kuvuka duara la Aktiki. Walipoinama kuangalia, wakakuta tairi la pili, lile la ndani lililofungwa pamoja nalo, halina upepo hata kidogo na ubavu wake umesagika. Matairi mawili yamekufa kwenye habu moja, na spea ni moja. Pale walipo simu haishiki, na karakana ya karibu wameiacha nyuma kilomita sitini hivi.

Waliporudi mjini, habari ilienea kwa ndugu na marafiki kwa namna moja tu: ile barabara haifai, mawe yake yanakata matairi. Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Alberta, na Dempster naifahamu. Familia iliniletea mabaki ya matairi, picha, na karatasi ya mizani, ikaniruhusu nieleze kisa chote bila kutaja majina. Baada ya kuvikagua nasema wazi kwamba barabara imesingiziwa. Jiwe lilikuwepo, ni kweli. Lakini jiwe peke yake lingewagharimu pancha moja na saa moja ya kubadilisha tairi. Kilichowalaza njiani ni uzito, upepo, na ushauri mzuri ambao haukuwa wa gari lao.

Barabara ilivyo

Dempster inaanzia kama kilomita 40 mashariki ya Dawson City, katika eneo la Yukon, na inakwenda kilomita 736 hadi mji wa Inuvik, eneo la Northwest Territories. Ujenzi ulianza 1959, barabara ikafunguliwa Agosti 1979. Tangu Novemba 2017 kuna kipande kingine cha changarawe kutoka Inuvik hadi Tuktoyaktuk, kwa hiyo mtu anaweza kuendesha mpaka ukingoni mwa bahari ya Aktiki. Njiani kuna mito miwili mikubwa isiyo na daraja, Peel na Mackenzie. Kiangazi unavuka kwa pantoni bila malipo, wakati wa baridi kali unapita juu ya barafu yenyewe, na katikati ya majira hayo, barafu inaposhika au inapovunjika, njia hufungwa kwa wiki kadhaa. Kituo cha kwanza cha mafuta baada ya kuingia Dempster ni Eagle Plains, kilomita 369 mbele.

Chini ya barabara ardhi imeganda mwaka mzima. Ukiichimba au ukiiacha ipate joto inayeyuka, na barabara inazama. Kwa sababu hiyo wajenzi hawakuchimba, bali walimwaga tuta la kokoto juu ya ardhi ile, unene wa mita 1.2 hadi 2.4 kutegemea mahali, ili kuikinga na joto. Hili dereva wa gari-nyumba anapaswa kulijua kabla hajatoka nyumbani, kwa sababu maana yake ni kwamba yuko juu ya tuta muda wote, na kingo za tuta ni laini. Katikati pameshindiliwa na malori, pembeni hapajashindiliwa na chochote. Mtu anayesogea pembeni kabisa ili apige picha anaweza kuona gari linaanza kuinama taratibu kuelekea bondeni.

Kokoto nazo si zile za duara tulizozoea mtoni. Sehemu kubwa ni mwamba unaomeguka kwa tabaka, vipande bapa vyenye ncha. Mvua ikinyesha, chumvi inayomwagwa kutuliza vumbi inageuza uso wa barabara kuwa utelezi, na tope lake likikauka kwenye chasi linashika kama saruji. Kampuni nyingi za kukodisha magari-nyumba huandika kwenye mkataba kwamba usiingize gari huko. Familia hii haikukodi. Gari lilikuwa lao.

Gari na mzigo wake

Ni gari-nyumba la daraja la kati, limejengwa juu ya chasi ya Ford E-450, urefu wake mita tisa hivi, lilinunuliwa likiwa limeshatumika. Mbele lina matairi mawili, nyuma manne, mawili mawili kila upande kama lori. Saizi ni LT225/75R16, daraja la kubeba mzigo E. Muuzaji aliwaambia matairi bado mazuri, na kwa macho yalikuwa mazuri kweli, kashata, yaani meno ya tairi, zimesimama vizuri. Ila ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka liliotengenezwa. Haya yalikuwa na miaka tisa. Magari-nyumba yanasimama sana kuliko yanavyotembea, hivyo matairi yake huzeeka kabla hayajalika, na mnunuzi anayeangalia kashata peke yake hawezi kulijua hilo.

Ndani walikuwa watano: mume, mkewe, watoto wao wawili walio sekondari, na kaka wa mke, ambaye miaka mingi aliendesha lori kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma hadi Lubumbashi. Huyu alikuwa mgeni, amekuja kutembea. Mwenye gari ndiye aliyeshika usukani na ndiye aliyepanga safari.

Alipanga kwa bidii. Alisoma kwamba huko mafuta ni ya mbali, akanunua madumu manne ya lita 20 akayajaza. Alisoma kwamba maji safi ni adimu, akajaza tangi lote la lita 150. Nyuma ya bampa alifunga kichanja cha chuma, juu yake akapanga madumu, baiskeli mbili, boksi la nyama na barafu, na sanduku zito la spana. Kichanja kilibeba kama kilo 200. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi ambacho ningemlaumu mtu kwa kukibeba. Lawama yangu iko mahali vilipowekwa.

Mhimili wa nyuma wa gari hili umeachwa mbele sana, na nyuma yake kuna mkia mrefu. Kitu kinachokaa kwenye mkia kinafanya kazi kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa pembea: kinaukandamiza mhimili kwa uzito mkubwa kuliko wake, na kinainua mbele. Kutoka mhimili wa mbele hadi wa nyuma ni mita 5.6. Kichanja kiko mita 3.2 nyuma ya mhimili wa nyuma. Ukipiga hesabu, zile kilo 200 zinaongeza kilo 314 kwenye matairi ya nyuma na kuondoa kilo 114 mbele, ambako ndiko usukani uliko. Tangi la maji nalo liko chini ya kitanda cha nyuma, mita mbili kutoka mhimili. Kilo 150 za maji zinageuka kilo 204 hivi.

Nyuma, chasi hii inaruhusiwa kubeba kilo 4,350 hivi. Walipopima baadaye mizani ya Whitehorse, maji yamemwagwa na kichanja kitupu, nyuma ilisoma 4,100. Rudisha maji na kichanja kama walivyoondoka Dawson na unapata kilo 4,620 hivi. Walikuwa wamezidisha kilo 270 kabla hata ya kukanyaga changarawe, na hawakujua, kwa sababu gari halikulalamika popote kwenye lami.

Madumu yale ya petroli ndiyo yanayoniuma zaidi. Tangi la gari lina lita 208. Mwenyewe alishapima kwamba linakula lita 27 kwa kilomita 100. Hiyo ni zaidi ya kilomita 750 kwa tangi moja, na kutoka Dawson hadi Eagle Plains ni kama 410. Baada ya hapo mafuta yanapatikana Fort McPherson na Inuvik. Hakuhitaji dumu hata moja. Alichukua ushauri wa mtu mwenye pikipiki au pikapu ndogo akaufanya wake.

Upepo

Ushauri wa pili aliouchukua ndio ulioua matairi. Watu wengi wanaopita barabara za changarawe hupunguza upepo ili tairi lilainike, lilale juu ya jiwe badala ya kuchomwa nalo. Kwa gari jepesi la 4x4 ambalo matairi yake yana uwezo mkubwa kuliko mzigo, ni ushauri sahihi na mimi huufuata. Kwa gari-nyumba lililojaa ni hatari, kwa sababu kinachobeba gari ni upepo. Mpira kazi yake ni kuuzuia upepo usitoke.

Tairi la saizi hii likiwa na PSI 80 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) linabeba kilo 1,215 likiwa peke yake, na kilo 1,120 likiwa pacha na jingine. Uwezo wa pacha unapunguzwa kwa sababu matairi mawili hayagawani mzigo sawasawa kwenye barabara yenye mashimo. Ukilishusha hadi PSI 65, pacha linabeba kilo 975 tu. Mzigo wao kwa kila tairi, ukigawanywa sawa kwa manne, ulikuwa kilo 1,155. Hata kwa PSI 80 walikuwa wamepita kidogo. Kwa 65 walipita kwa asilimia 18, na mwenye gari aliyashusha yote hadi 65 asubuhi ya kuondoka Dawson.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hufanya kwa nia njema. Walisimama kwenye hifadhi ya Tombstone, kilomita 71, akapima tena. Matairi ya nje yalisoma 72, kwa sababu yalikuwa yamepata moto. Akaona yamepanda, akayatoa upepo mpaka 65. Ya ndani hakuyapima, kwani kuyafikia kunahitaji kupenyeza mkono kwenye tundu la rimu ya nje, na gari lilikuwa limeshatapakaa tope. Tairi la moto likisoma 72 halijazidi. Ni lilelile la 65, limevimba kwa joto tu. Ukilipunguza likiwa moto, usiku likipoa linashuka hadi 58 hivi. Hapa sibahatishi: jioni ya ajali shemeji, yule kaka wa mke, alipima upande wa kushoto ambao haukupasuka, baada ya kupoa, akakuta la nje 58 na la ndani 64.

Kwa hiyo kila upande tairi la ndani lilikuwa gumu kuliko mwenzake, na likabeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo ambao tayari ulikuwa umezidi.

Njiani

Kupanda North Fork Pass walikutana na mvua, barabara ikateleza, mwendo ukashuka wenyewe. Wakateremka hadi mto Ogilvie, jua likatoka, changarawe ikakauka, na hapo mwendo ukapanda. Mke anasema sindano ilikuwa inagusa 90. Vyombo vilikuwa vinacheza kabatini muda wote kwa ajili ya mawimbi ya barabara, na kuna dereva anayegundua kwamba ukikimbia mtikisiko unapungua. Unapungua kweli, maana gurudumu linaruka juu ya mawimbi bila kushuka. Lakini tairi lenye upepo mdogo linakunjuka na kukunjika mamia ya mara kwa kilomita, na kila mkunjo ni joto. Mwendo unaongeza joto hilo upesi sana.

Walilala Eagle Plains. Ninavyosoma mabaki, jiwe liliingia tairi la ndani la kulia siku ile ya kwanza, mahali fulani baada ya mto. Ni kipande bapa, upana wa ukucha wa kidole gumba, kimezama kati ya kashata mbili na kutoboa tundu ambalo kalamu haipiti. Upepo ulitoka taratibu usiku kucha. Asubuhi wakajaza petroli, wakajaza maji tena hadi juu, wakaondoka. Aliyezunguka gari aliona matairi ya nje yamesimama vizuri. La ndani halionekani, na hata lingekuwa tupu, pacha wake analinyanyua, gari halilali.

Malori ya kwetu yana tandiboi anayeshuka kila kituo na kipande cha chuma, anagonga kila tairi. Lenye upepo linajibu kwa mlio mkavu na chuma kinaruka, lisilo na upepo linameza pigo. Kazi hiyo inachukua dakika mbili, na la ndani unaligonga kwa kupenyeza chuma kati ya matairi. Shemeji aliifanya miaka na miaka. Asubuhi ile hakuifanya, kwa sababu gari si lake, dereva si yeye, na mgeni huona haya kupekua chombo cha mwenyeji wake. Aliniambia hivyo mwenyewe, na najua ilimgusa.

Wakapiga picha kwenye duara la Aktiki, kilomita 405. Tairi la ndani likaendelea kusagwa likiwa tupu, na la nje, lenye PSI 58, likabeba peke yake kilo zinazokaribia 2,310. Uwezo wake hata kwa 65 likiwa peke yake ni 1,060. Lilivumilia kilomita 60. Kwa tairi la miaka tisa hilo ni ajabu.

Dakika za kwanza

Lilipopasuka, ukanda wake ulipiga sakafu ya gari kutoka chini, ukang'oa madigadi, ukakata waya za taa za breki na kuvunja bomba la majitaka. Dereva hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliachia mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akaacha gari lijifie mwendo. Hapo alifanya sawa kabisa, na watoto wake wako salama kwa sababu hiyo.

Mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka, na alichofanya kinafaa kuigwa. Kabla ya kuangalia tairi alikwenda kufunga mtungi wa gesi, maana jokofu lilikuwa linafanya kazi kwa gesi na yeye aliona waya zilizokatika zinaning'inia. Kisha akawatoa watoto wote nje, upande wa juu ya upepo, mbali na njia ya malori. Watoto wakatumwa na viakisi vya pembetatu, mmoja mbele mmoja nyuma, mbali kiasi cha kumpa dereva wa lori nafasi ya kupunguza mwendo kwenye changarawe. Mbu wa kaskazini waliwashambulia vibaya mno, na jua la Julai kule halitui, hivyo hapakuwa na usiku wa kuwaokoa na joto wala giza la kuwatisha.

Mume alitaka kufunga spea moja na kurudi Eagle Plains.

"Shemeji, tufunge hili moja, twende polepole. Ishirini kwa saa. Jioni tumefika."

"Hapana, shemeji. Hili gari halitoki hapa na tairi moja upande huu."

"Tutamwaga maji. Tutahamishia mizigo mbele."

"Mwaga. Bado halitoki."

Mabishano yalikuwa marefu, na mwenye gari alikuwa na hoja: kukaa kwenye barabara nyembamba nako kuna hatari. Lakini hesabu iko upande wa shemeji. Baada ya kumwaga maji na kushusha kichanja, nyuma ilibaki na kilo 4,100. Nusu yake ni 2,050. Spea moja, tena ya miaka tisa kama wenzake, kwa PSI 80 inabeba 1,215. Ingebeba mzigo uliozidi uwezo wake kwa karibu asilimia 70, kilomita 60, kwenye mawe. Ikipasuka hiyo, rimu inakaa chini, gari linalala upande wa bonde, na hakuna tena cha kufunga. Mwendo mdogo unapunguza joto, haupunguzi kilo.

Shemeji alishinda. Nadhani huo ndio uamuzi uliookoa gari, na pengine watu.

Kulinyanyua

Jeki iliyokuja na gari ilizama kwenye changarawe kama haikuwekwa juu ya kitu. Waling'oa ubao wa meza ya kulia chakula, ukapasuka. Lori lililokuwa likielekea kusini likasimama bila kupungiwa mkono, kwani kule ukiona mtu amekwama unasimama, na dereva wake akatoa magogo mawili mafupi ya mraba na jeki ya chupa. Gogo moja likakaa chini ya jeki, jingine likawekwa chini ya mhimili kama tegemeo mara gari liliponyanyuka. Magurudumu ya kushoto walishayazuia kwa mawe mbele na nyuma. Hakuna aliyeingiza mwili chini ya gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake; shemeji alilisimamia hilo.

Rimu mbili zikapakiwa kwenye lori, shemeji akaenda nazo Eagle Plains. Kulikuwa na tairi moja la saizi ile. Likafungwa kwenye rimu, akasubiri gari linalokwenda kaskazini, akarudi kwenye familia saa kadhaa baadaye. Spea ikafungwa ndani, jipya nje, yote mawili PSI 80. Kabla ya kuyafunga aliyasimamisha pamoja, akaweka ubao ulionyooka juu yake, akahakikisha yana kimo kimoja. Pacha zikitofautiana kimo, refu linabeba na fupi linabembea, na yaleyale yanaanza upya.

Baada ya kilomita 30 alimsimamisha mume, akakaza tena nati zote za upande ule. Mbili zilizunguka. Gurudumu lililofungwa njiani, rimu ikiwa na chembe za udongo, hulegea udongo huo unaposagika, na magari hupoteza magurudumu kwa sababu hiyo hata pale ambapo kazi ilifanywa kwa moyo wote.

Hawakuendelea Inuvik. Bila spea, na vivuko viwili mbele, walirudi Dawson kwa mwendo wa 50. Njia ya kushukia pantoni ya Peel ni udongo na kokoto inayojengwa upya kila maji yanapopanda au kushuka, na mkia mrefu wa gari kama lile huweza kuburuza pale. Kwa bomba la majitaka lililokwishavunjika, walifanya vyema kugeuza.

Kinachopunguzwa na kisichopunguzwa

Baada ya kisa hiki niliulizwa kama maana yake ni kwenda mtupu. Hapana. Barabara hii imepewa jina la askari polisi William Dempster, ambaye Machi 1911 aliikuta miili ya wenzake wanne wa doria iliyoondoka Fort McPherson kwenda Dawson Desemba 1910. Kiongozi wao, Francis Fitzgerald, alibeba chakula pungufu ili asafiri haraka, na hakuwa na mwongozaji wa Kigwich'in, wenyeji wa eneo lile, anayeijua njia. Walipotea milimani, chakula kikaisha, na kurudi hawakuwahi. Kule mtu habebi pungufu ya kinachomweka hai. Maji ya kunywa, chakula cha siku za ziada, mavazi ya baridi, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, na matairi mawili ya spea badala ya moja, vyote hivyo vinapanda.

Vinavyoshuka ni petroli ya ziada, kwa gari lenye tangi kama lile, maji ya kuogea ambayo unaweza kuyajaza tena Eagle Plains, baiskeli, na spana ambazo hakuna aliyemo ndani anajua kuzitumia. Kinachobaki kinahamia mbele ya mhimili wa nyuma, chini, kwenye korido na chini ya viti. Kilo 100 zikitoka kwenye kichanja na kuja katikati ya gari, mhimili wa nyuma unapata nafuu ya zaidi ya kilo 100. Halafu gari linapelekwa mizani likiwa limejaa kama litakavyosafiri, watu wakiwa ndani, na upepo unapangwa kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi kulingana na uzito huo. Kama jedwali linaruhusu kushuka kidogo, shuka kidogo. Kwa familia hii lisingeruhusu hata PSI moja.

Mwendo kwenye changarawe kavu kwa gari la namna ile, mimi nasema 60. Ukiona vumbi la lori linakuja, punguza zaidi, kaa kulia bila kuingia kwenye ukingo laini, subiri lipite. Kioo chao cha mbele kilipata ufa kwa kutofanya hivyo, na ni kisa cha kawaida mno kukichambua.

Gari sasa lina mirija ya kurefusha valvu za matairi ya ndani ili yapimwe bila kuvua kitu, na vipima upepo vinavyotuma taarifa kwa dereva. Vya namna hii visipofungwa vizuri huvuja kwa mtikisiko, kwa hiyo mirija nimeifunga kwa kishikizo kwenye rimu. Kichanja kimeondolewa. Kipande cha chuma kiko mlangoni, na mtoto mkubwa ndiye anayegonga.

Matairi manne yaliyobaki, mawili ya mbele na mawili ya kushoto, mwenye gari alitaka kuyabakiza kwa kuwa hayakupata dhara. Nikayafungua kwanza. Ndani ya lile la kushoto la nje, lililosoma 58 jioni ile, kulikuwa na unga mweusi wa mpira kama kijiko kimoja, na mduara wa nyufa nyembamba ubavuni kwa ndani, kuzunguka tairi zima. Kwa nje lilikuwa zuri, kashata zimesimama. Tuliyatoa yote manne pamoja na ile spea.